Mwanangu, mfidhuli hapo ni nani?

Mama, marahaba.

Sisi huku Mpwapwa tupo, mama yako kaanza kulalamika magoti lakini anatembea, na mtama wa mwaka huu haukuwa mbaya sana. Meseji yako nimeisoma nikairudia, alafu nikampa mama yako naye akaisoma kwa sauti huku anacheka, nikamwambia huyu mtoto yuko matatizoni we unacheka. Na ile skrinishoti ya grupu la ofisini kwenu nayo tumeiona. Umeniuliza, baba mfidhuli maana yake nini hasa, ni tusi? na je mimi kweli ni mfidhuli? Nimeona nisikujibu kwa kameseji kafupi maana hilo neno lina mambo, na unajua baba yako nimekula chumvi kwenye ukarani wa mahakama ya mwanzo mpaka nimestaafu, watu wakikoseana adabu huko vijijini walikuwa wanaishia mezani kwangu, mmoja analia mwingine kanuna, mimi na kalamu yangu.

Ngoja nirudie nilivyoelewa ili tuwe ukurasa... yani ili tusije tukaongea vitu viwili tofauti. Bosi wenu alichukua masurufu, yani ile hela ya ofisi ya kutumia safarini, kwa safari ya Arusha, akaenda, akarudi, wiki zimepita risiti hajaleta, na wewe ndo unayetakiwa kufunga hesabu. Ukamwandikia kwenye grupu, watu wote wanaona: Shikamoo bosi, zile risiti za Arusha bado zinakuja kwa mguu? Na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi ukaweka. Wenzio wakacheka wakaweka na vya kwao. Bosi akajibu maneno matano tu, Wewe binti ni mfidhuli sana, basi, grupu zima kimya mpaka leo.

Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Mfidhuli sio tusi. Tusi ni kitu kingine kabisa, tusi lina sehemu yake kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, pale panaposema mtu akimtolea mwenzake lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani ametenda kosa. Hizo kesi za lugha ya matusi tulikuwa nazo mwaka mzima na baada ya mavuno ndo zinazidi kwa sababu watu wana hela na pombe ipo. Na mahakama haitaki uandike tu kwamba alitukanwa matusi ya nguoni ukaishia hapo, hakimu anataka neno lenyewe kama lilivyotoka mdomoni. Sasa pata picha mama mtu mzima kasimama pale kutoa ushahidi anaambiwa mama taja alichokwambia, na kwenye wale wazee wa baraza waliokaa pembeni ya hakimu mmoja ni mkwe wake. Anageuza uso ukutani. Anasema siwezi. Hakimu anamwambia bila hilo neno kesi haina miguu. Nimeshaona mama akaomba karatasi aandike, hajui kuandika, akamwita mjukuu wake amnong'oneze sikioni, mjukuu naye kaona aibu kakimbia nje, kesi ikaahirishwa. Hilo ndo tusi, neno ambalo mtu aliyetukanwa mwenyewe hawezi kulirudia mbele ya mkwe. Ila katika miaka yote hiyo sijawahi kuona hati ya mashtaka imeandikwa kosa, ufidhuli. Hamna. Ufidhuli unahukumiwa barazani, jikoni, na kumbe siku hizi na kwenye grupu.

Sasa ufidhuli ni nini. Mimi nausema hivi, ni kumkosea adabu mtu au kitu ambacho unajua kabisa unapaswa kukiheshimu, tena kwa makusudi, tena bila kujali kama ameumia. Hapo kuna mambo matatu na yote lazima yawepo. Mtoto mdogo akimwambia babu yake mbona huna meno, sio mfidhuli, hajui. Watu walikuwa wanamwita mjuvi, yani mtoto anayejua mambo kabla ya umri wake na hajajua ya kunyamazia. Mtu aliyejikwaa akasema neno baya mbele ya mchungaji sio mfidhuli, limemtoka. Mfidhuli anajua, amekusudia, na ukimtazama anakutazama.

Na usichanganye na jeuri. Jeuri naye anakujibu vibaya lakini jeuri mara nyingi ana kitu nyuma yake, ana nguvu, ana hela, ndo maana mnasema fulani ana jeuri ya kununua gari kwa keshi na hapo wala hamumsemi vibaya, mnamsifia. Kiburi kinakaa ndani, mtu anaweza kuwa na kiburi na asiongee na mtu mwezi mzima. Dharau inaonekana machoni, mtu kakutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu umeshajua. Ufidhuli lazima utoke nje, uwe neno au kitendo, na lazima uelekee kwa mtu. Halafu kuna kufuru, hiyo iko juu kabisa, jirani yetu yule Mrangi wa Kondoa alikuwa anapenda kusema kufuru haifanyiwi mwanadamu, anafanyiwa Mungu tu. Nyie vijana ndo mmeishusha, harusi ikiwa na magari mengi mnasema wamefanya kufuru, mtu kajenga ghorofa mnasema kufuru, mi sikatai maana ukiangalia zile hela zinavyomwagwa kwenye kamati za harusi labda hamjakosea sana.

Nikupe na hii maana najua unapenda vitu vya asili ya maneno. Fidhuli limetoka kwenye Kiarabu, na kule fudhuli ni mtu anayejiingiza kwenye yasiyomhusu, yani huyu tunayemwita sisi mwenye kiherehere. Limetoka kwenye mzizi mmoja na fadhila. Mzizi huo unabeba habari ya ziada, kitu kilichozidi. Ukimzidishia mtu wema ndo fadhila, ukizidi kujiingiza kwenye mambo yake ndo ufidhuli. Lilipofika kwetu likaacha kiherehere likabaki na ukosefu wa adabu. Lakini mi naona harufu ya mwanzo bado ipo kidogo, maana ukisikiliza vizuri mtu akiitwa mfidhuli, nyuma yake kuna sauti inasema, hili limekuhusu nini wewe?

Na ndo hapo nataka tukae kidogo.

Kaa utafakari umewahi kusikia nani anamwita nani mfidhuli. Mwalimu anamwita mwanafunzi. Mzee anamwita kijana. Mama mkwe anamwita mke wa mwanae. Bosi anamwita karani. Umewahi kusikia mtoto kamwita baba yake mfidhuli? Karani kamwita mkurugenzi? Neno hili linashuka tu mwanangu, halipandi. Mkubwa akiongea hovyo tunasema ni mkali, tunasema leo kaamka vibaya, tunasema ndo alivyo mzoee. Yuleyule mdogo akiongea nusu ya hayo tayari ni mfidhuli. Kwa hiyo ukiitwa hivyo usikimbilie kujiuliza tu mimi nimekosa nini, jiulize na aliyeniita kasimama wapi, na anataka nini kiishe kuongelewa.

Nikusimulie mambo mawili niliyoyaona mahakamani maana ndo yalinifundisha kutofautisha. Alikuja mzee mmoja wa kijijini, ni yule mzee wetu kabisa wa mgolole na fimbo, kashtakiwa ng'ombe wake wamekula shamba la mtu. Hakimu wakati ule alikuwa binti, kijana, katoka chuo sio muda mrefu. Mzee akaitwa jina, akaingia, akamtazama hakimu pale juu, akatabasamu na mapengo yake akasema, Eh, kumbe ni wewe mke wangu umekaa hapo, sasa mimi nani atanifunga? Askari karuka kutoka kwenye benchi kama kaumwa na nge. Unajua kudharau mahakama ni kosa, kifungu cha 114 cha Kanuni ileile ya Adhabu, na maneno tu yanatosha. Hakimu kakunja uso, akageuka kwa wazee wa baraza. Mmoja wao, alikuwa mtu wa Kibakwe, akasema mheshimiwa huyu ni babu, anamtania mjukuu, kwake kukuita mke ni kukupenda. Binti wa watu akafikiri kidogo alafu akasema, Babu, nyumbani mimi ni mke wako, ila hapa mimi ni mahakama, vua kofia usimame vizuri. Mzee akavua kofia, akasimama wima, akamwita mheshimiwa mpaka mwisho wa kesi. Akalipa fidia na akashukuru.

Wiki hiyohiyo kama sikosei akaja kijana mmoja, huyo wa mjini, kanyoa vizuri, kesi ya madai. Huyo hakuna neno baya lililomtoka. Shikamoo mheshimiwa. Samahani sana mheshimiwa wangu mtukufu. Kwa ruhusa yako mheshimiwa naomba kupumua. Anainama mpaka karibu paji la uso liguse meza, na kijiti cha meno kiko pembeni ya mdomo anakizungusha kwa ulimi. Kila akisema mheshimiwa anageuka kuangalia washikaji zake dirishani. Hakimu akavumilia, akamwambia toa kijiti, akakitoa akakipangusa kwa kitambaa taratibu akakiweka mfuko wa shati, kama anaweka kalamu ya bei. Ukiandika mwenendo wa kesi pale hamna kitu, maneno yote ni heshima tupu, mimi ndo nilikuwa naandika naona karatasi yangu imejaa heshima na chumba chote kimejaa ufidhuli. Aliishia kupewa onyo kali, na alistahili.

Basi ndo uone. Mzee aliongea neno la hatari akawa hana kosa, kijana aliongea heshima tupu akawa mfidhuli. Kipimo sio neno, ni nani unamwambia, una haki gani kwake, na unataka abaki vipi baada ya wewe kusema.

Na hii haki ndo wengi hawaielewi siku hizi. Unakumbuka ule msiba wa jirani yetu wa bondeni, ulikuwa shule lakini nadhani ulisimuliwa. Jeneza limefika makaburini, mchungaji kafungua kitabu, ghafla mtani wa Kihehe karukia ndani ya kaburi kajilaza chali, mikono kifuani, anapiga kelele, huyu hazikwi! huyu ana deni langu la mbuzi tangu mwaka wa njaa! Watu machozi hayajakauka wanaanza kucheka. Katoka mwingine anamwigiza marehemu anavyotembea, ule mguu wake wa kuburuta, mpaka mjane kacheka na khanga mdomoni. Mkwe mmoja aliyetoka mjini kwenye huo msiba akapandwa na hasira akataka kupigana, anasema huu ni ushenzi, mnamdharau marehemu. Wazee wakamshika. Ikachangwa hela kidogo na akaahidiwa kuku, mtani akatoka kaburini anajipangusa vumbi, ibada ikaendelea.

Ambacho yule mkwe hakukiona ni kwamba usiku kucha mtani yule ndo alikuwa anachimba lile kaburi. Watani wake ndo waliokuwa wanachota maji na kupasua kuni. Utani sio bure. Anayeruhusiwa kukucheka siku ya msiba ni yule anayebeba mzigo wako siku hiyo, na kesho kwake ukitokea msiba na wewe utaenda kuchimba na utaruka kaburini kama yeye. Wazee wanasema utani wetu sisi Wagogo na Wanyamwezi nao ulizaliwa njiani, enzi za misafara karne ya 19, wapagazi wakitoka Tabora kwenda Bagamoyo lazima wakatize Ugogo, maji ni ya shida, na watemi wetu hawakuachii upite bila hongo, yani ushuru wa kupita, vitambaa, shanga, waya wa shaba. Ukigombana kila mara hutafika, hivyo mkaanza kutaniana. Hapa Mpwapwa penyewe palikuwa kituo cha kupumzikia, ukitoka hapa unaenda nyika haina maji, kwa hiyo nafikiri babu zetu waliwatania wageni kwa raha sana wakijua hawana pa kwenda.

Sasa wewe na bosi wako mna utani? Hapana. Najua utasema baba mbona yeye anatutania kila siku, anamwita huyu mnene, yule kaoa mapema, wote tunacheka. Ndio, mnacheka. Ila utani unaenda na kurudi. Ukiona mtu anakutania wewe na wewe ukimtania anavimba, huo sio utani, huyo ni mkubwa anajiburudisha na nyie mnamsindikiza. Ulidhani uko kwenye utani kumbe ulikuwa kwenye kikao, na hapo ndo kosa lako lilipo, kosa dogo, tena naliita masihara tu. Masihara sio ufidhuli. Masihara ni mtu kusahau alipo.

Mchungaji wetu hapa ukimuuliza atakupeleka Zaburi ya kwanza, heri mtu yule ambaye hakuketi barazani pa wenye mizaha, anaipenda sana hiyo hasa akiona vijana wa kwaya wanachekacheka nyuma. Mi sibishani naye kanisani, lakini soma mwenyewe, pale kuna kwenda, kuna kusimama, mwisho kuna kuketi. Hao wenye mizaha wameketi. Wametulia kabisa wana baraza lao, kudharau ndo shughuli yao ya kutwa. Sio binti aliyetania mara moja kwa sababu kachoka kuomba risiti.

Alafu kuna lile tukio ambalo hata wewe ulikuwa mkubwa unalikumbuka, na wewe kama mhasibu lazima linakuhusu. Mwisho wa 2018 aliyekuwa CAG, yani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa huko New York, akaulizwa kuhusu ripoti zake na Bunge kutozifanyia kazi, akasema kwamba hilo kwake ni udhaifu wa Bunge. Neno hilo moja. Spika wakati ule alikuwa Job Ndugai, mtu wa hapa jirani Kongwa, akaona Bunge limedhalilishwa, akamwita aje Dodoma mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, akafika Januari 21, 2019 akahojiwa. Profesa akasema hilo ni neno la kawaida kwenye kazi ya ukaguzi, udhaifu wa mifumo, udhaifu wa usimamizi, kila ripoti linaandikwa. Haikusaidia. Aprili 2, 2019 Bunge likapitisha azimio la kutofanya naye kazi.

Tulibishana sana hapa kijiweni kuhusu hilo. Wapo waliosema mtu huwezi kuusema mhimili wa nchi yako ukiwa ugenini, hapo kakosa staha hata kama kasema kweli, na mi nawaelewa, sisi tumelelewa hivyo, ya ndani hayatoki nje. Mimi nilikuwa upande wa pili na bado nipo. Mkaguzi kazi yake ni kusema pana udhaifu, ukimkataza hilo neno aseme nini, aseme pana unyonge? Na kilichonikera zaidi ni kwamba miezi yote ile tulijadili neno, tukajadili adabu, tukajadili heshima ya Bunge, ukiniuliza zile hoja zenyewe za ukaguzi zilikuwa zipi nani alikuwa anazitaja? Pale kijiweni hakuna. Hata mimi nilikuwa najua neno dhaifu tu.

Umeona na kwenu? Rudi kaangalie skrinishoti yako. Kabla ya jibu la bosi, habari ilikuwa risiti. Baada ya jibu lake, habari ni wewe na malezi yako. Mpaka na mimi na mama yako tumeingizwa, maana mtoto akiitwa mfidhuli wazazi nao wanakuwa wameulizwa walikuwa wapi. Risiti zimepotea katikati hapo hakuna anayezikumbuka. Maneno matano yamefanya kazi kubwa hivyo. Sijui kama alipanga au limemtoka kwa hasira, simjui, sitaki kumsingizia, lakini faida yake amekula.

Na kuna neno lingine kwenye ile sentensi ambalo wewe hukuniuliza ila mimi limenichoma kuliko mfidhuli. Wewe binti. Una digrii, una saini kwenye vocha, umeshafunga hesabu za miaka, ila siku ya kudai risiti umekuwa binti. Yule mhasibu mwenzio wa kiume angeandika vilevile angeitwa wewe mvulana? Angeambiwa acha masihara bwana, wangecheka yakaisha. Mama yako ndo aliyeliona la kwanza, na hapo ndo aliacha kucheka.

Kwa hiyo ukiniuliza kama aliyekuwa karani nitoe maoni yangu, mfidhuli hapo sio wewe. Nilikwambia mfidhuli ni mtu anayejua anachopaswa kukiheshimu na anakipuuza makusudi. Hela ya ofisi ni kitu cha kuheshimiwa. Utaratibu wa kurejesha masurufu ni wa kuheshimiwa na yeye anaujua kuliko wewe, ameshawakata watumishi wadogo mishahara kwa sababu hiyohiyo, uliniambia mwenyewe ile Pasaka ulipokuja. Na amekaa kimya wiki kadhaa anakutazama. Kama neno lingekuwa linapanda tungejua limkae nani. Ila usiende kumwambia hivyo, nakuandikia wewe tu.

Usiombe radhi kwa kuuliza. Ukiomba radhi kwa swali umeliondoa, na mkaguzi akija atakuuliza wewe sio yeye. Unaweza kuomba radhi kwa pale ulipoandikia, mwite pembeni mwambie bosi samahani nililiweka lile jambo kwenye grupu mbele ya watu, ningekuja ofisini kwako. Hapo umeheshimu umri wake na kiti chake, haikupunguzii kitu. Usianze kujieleza vikatuni vilimaanisha nini, utazidi kuzama. Na usiandike tena kwenye grupu, hata salamu punguza kwanza.

Baada ya hapo mwandikie dokezo sabili, yani ile barua fupi ya ndani ya ofisi, liwekwe kwenye faili. Fupi. Rejea masurufu uliyochukua kwa ajili ya safari ya Arusha, taja tarehe na kiasi, alafu unaomba awasilishe stakabadhi ili hesabu za mwezi zifungwe, weka na tarehe ya mwisho kama taratibu zenu zinavyosema. Shikamoo unaweza kuiacha huko kwenye karatasi, sio mahali pake. Na tafadhali usijaze yale maneno ya kwa heshima na taadhima kubwa, mheshimiwa mkuu wangu, kwa unyenyekevu naomba, maana ukizidisha utakuwa yule kijana wa kijiti, na huyo bosi wako anaonekana ni mtu wa kusoma katikati ya mistari. Neno naomba mara moja linatosha. Akijibu kwa maneno tena, ya kwamba wewe ni nani na umeanza lini, mwambie ajibu kwenye dokezo hilohilo kwa kalamu yake, na ubaki na nakala.

Ukishaliandika nipigie picha unitumie kabla hujalipeleka, nilipitie, nikiona neno lenye mwiba nitakwambia ulitoe. Mama yako anasema anakutumia karanga na mlenda wa kukausha kwa yule dereva wa basi wa Alhamisi, uende stendi mapema usimfanye mtu wa watu akusubiri.

Baba yako.